Chuma Hakilali Kikavu

Nyumbani kwetu Wete kulikuwa na sheria moja ya jikoni ambayo hata baba hakuthubutu kuivunja: chuma hakilali kikavu. Kisu, shoka la kuni, mbuzi ya kukunia nazi, vyote vilifutwa kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi kabla watu hawajalala. Mama akisema hewa ya Pemba ina chumvi isiyo na huruma, ukiiacha mbuzi usiku mmoja bila mafuta, kesho utakuna nazi na kutu pamoja. Kazi ya kufuta ilikuwa yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na maswali mengi kuliko wenzangu, na mama aliamini kuwa mikono yenye kazi hupunguza mdomo. Haikupunguza kitu.

Nayatanguliza haya kwa sababu sheria hiyo hiyo, miaka zaidi ya thelathini baadaye, hapa London, nusura imvunjie mtu heshima yake yote. Na mtu huyo hakuwa mimi niliyeifuata. Hilo ndilo linaloniuma.

Nilikuwa nimefanya kazi ya kutunza wazee kwa miaka kumi na moja, nikiwanyanyua, nikiwaogesha, nikiwalisha, mpaka mgongo ukanigomea. Basi langu la asubuhi kutoka Thamesmead lilipita kando ya karakana moja karibu na mto, wanapotengeneza mashine za kuchimba ardhi. Mimi hukaa ghorofa ya juu, mbele kabisa, kama watoto. Kutoka pale niliona cheche zikiruka kama mtu anamwaga ndoo ya moto, na mara nyingine nilimwona fundi amekaa tu, ameshika bomba la gesi, anakipashapasha chuma taratibu, hachomelei, hakati, hafanyi lolote. Nikawa najiuliza, anangoja nini? Swali hilo lilinikaa kichwani miezi. Mwisho nikajiandikisha chuo cha watu wazima kujifunza kuchomelea, nikiwa na miaka arobaini na miwili, mwanamke peke yangu na buibui langu ndani ya begi, na baada ya mwaka mmoja karakana ile ile ikanichukua kwa majaribio ya miezi sita.

Yule fundi wa bomba la gesi ndiye niliyepangiwa. Mkongomani wa Bukavu, miaka sitini na kitu, mrefu, mpole, anayekaa Peckham na kuimba sauti ya besi kanisani kila Jumapili. Alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na tisa. Kila mchomeleaji pale ana namba yake, na akimaliza kazi huipiga kwa nyundo na patasi ya chuma kando ya mshono wake, ili siku ukifumuka ijulikane nani aliushona. Yake ilikuwa saba. Mimi sikuwa na namba bado.

Siku ya kwanza niliuliza lile swali langu la kwenye basi.

"Unangoja nini, fundi, ukiwa unapasha moto tu?"

"Nangoja chuma ikubali, mama," alisema. "Hii iko baridi sana. Ukiipiga moto mukali gafula, inashituka."

"Chuma kinashtuka?"

"Inakuwa ngumu pembeni. Ngumu kama kigae. Halafu kesho kutwa inapasuka yenyewe, hata mutu hajaigusa."

Kisha akanionyesha. Ufa kwenye chuma kinene hauzibwi juu juu kama ukuta unaopakwa plasta. Kwanza unachimbwa mpaka mwisho wake. Unashika kijiti cha kaboni kilichovikwa shaba, umeme unawaka kwenye ncha yake, chuma kinayeyuka, na upepo wa kompresa unaipuliza ile rojo ya moto itoke. Kelele yake ni ya kukutoa meno. Kinachobaki ni mfereji, na ndani ya mfereji ndimo utakamojaza chuma kipya. Lakini kabla ya kuchimba lazima chuma kipashwe joto, na kabla ya kujaza kipashwe tena. Alikuwa na chaki maalumu inayoyeyuka joto likifika kiwango fulani. Hakuiweka pale moto ulipo. Alipima vidole vinne kutoka kwenye ufa, akachora mstari, kisha akazunguka upande wa pili wa bamba akachora mwingine. Mistari yote miwili isipoyeyuka, haanzi. Hata bosi aje asimame na saa mkononi, haanzi.

Bomba lilipogusa chuma asubuhi ile ya baridi, niliona matone ya maji yakitokea juu yake, mengi, yakikimbia mbele ya moto.

"Unaona? Inatoa jasho," aliniambia. "Maji yote yenye ilikuwa ndani njo inatoka."

Nilimwamini mpaka nilipofika nyumbani. Maji yaliingiaje ndani ya chuma? Chuma si mkate. Nikachukua sufuria, nikaikausha kwa taulo, nikaiweka kwenye friji saa nzima, kisha nikaiweka juu ya jiko la gesi na kuchungulia chini yake huku shingo imepinda. Ikatoa jasho. Binti yangu, anayenielewa kila neno na kunijibu Kiingereza tu, aliingia jikoni akanikuta nimeinama vile. Akasema moto wa gesi wenyewe unatoa mvuke, mvuke ukigusa kitu cha baridi unakuwa maji, walifundishwa skuli, na mama tafadhali usiunguze nyusi. Kesho yake nikampelekea fundi habari hizo kwa furaha kama nimebeba zawadi.

"Kwa hiyo miaka yote hii nasema bongo?" Bongo kwao ni uongo.

"Unasema kweli, fundi. Maji yapo. Ila hayatoki kwenye chuma, yanatoka kwenye moto wako."

Alicheka mpaka akavua miwani. Tangu hapo akawa ananiita Mama Sufuria, na kila alichonifundisha alimalizia kwa kusema, enda upime ku nyumba yako.

Jambo la mwisho alilonifundisha kuhusu mfereji ni ile ngozi nyeusi. Kijiti kile ni kaboni tupu, kwa hiyo kikichimba kinaacha mabaki yake kwenye uso wa chuma, na mabaki hayo yakiachwa humo yanaufanya mshono kuwa mgumu na mkavu wa kupasuka. Brashi ya waya haitoshi, inang'arisha juu tu. Lazima grenda, ile mashine ya kusagia, iingie, ile milimita ya juu iondoke yote, mpaka uone chuma cheupe. Hiyo ikawa kazi yangu, na niliipenda. Nilikuwa nikisaga, nikikagua kwa tochi, nikisaga tena. Aliniambia hajapata mtu mwenye jicho kama langu.

Sasa nije kwenye Ijumaa yenyewe.

Uliletwa mkono wa mashine kubwa ya kuchimbia, una ufa chini ya kiungo chake, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Fundi aliupasha, akauchimba, akatafuta ncha zake kwa ile rangi nyekundu inayoingia kwenye nyufa, akaziona, akazichimba nazo. Mchana wote mimi nikasaga. Ilipofika saa kumi mfereji ulikuwa mweupe wote. Kujaza kulitaka siku nzima bila kukatisha, joto lisishuke, kwa hiyo tukakubaliana tuanze Jumatatu. Fundi akaenda kubadili nguo.

Nilibaki nikiutazama. Mvua ya London ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, lango la karakana halifungiki vizuri, unyevu unaingia mpaka kwenye mifupa. Siku mbili na nusu chuma kitupu kikae hivi? Moyo wangu haukukubali. Mfukoni mwa ovaroli nilikuwa na kichupa cha mafuta ya nazi, anayoyapika mama mdogo Wete na kunitumia kila mtu akija, napaka mikono kwa sababu glavu zinaikausha. Nikatia matone mawili matatu kwenye kitambaa safi nikaufuta mfereji wote, taratibu, mpaka kwenye kina chake. Sikufikiri hata kidogo. Mkono ulikwenda wenyewe kama ulivyokuwa ukienda kwenye mbuzi ya mama. Nikarudi nyumbani nimeridhika.

Jumatatu fundi aliumulika mfereji kwa tochi.

"Inangaa," alisema. "Siku zote nikirudi Jumatatu nakuta kutu kidogo, napitisha grenda. Leo hata hapana. Umefanya kazi muzuri, mama."

Sifa ni tamu. Sikumwambia kitu kwa sababu sikuona kuwa kuna kitu cha kumwambia. Akawasha bomba, akapasha, akachora mistari yake ya chaki huku na huku. Katikati ya kupasha akainua pua.

"Kunanukia kama mutu anapika."

"Ni wali wangu wa nazi," nikamjibu, "umo kwenye begi pale." Tukacheka sote wawili. Akaanza kujaza, safu juu ya safu, mpaka saa kumi na moja jioni, kisha akapiga saba yake kando ya mshono.

Baada ya wiki tatu ule mkono ulirudi. Ufa mpya, umepita sambamba na mshono kama mtu amechora kwa rula. Ashukuriwe Mungu hakuna aliyeumia. Dereva alisikia mlio akashusha mzigo. Mkaguzi aliyekodiwa na wenye mashine aliutazama nusu saa, akaandika kwamba kwa sura ya ufa huu, chuma hakikupashwa joto la kutosha kabla ya kuchomelewa. Bosi alimwita fundi ofisini. Nilikuwa nje ya mlango na ufagio, na sikuwa nafagia.

"Nilipasha," nilimsikia akisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Siku zote napasha."

Bosi hakuwa mtu mbaya. Alimwambia mtu akifika umri fulani anaweza kusahau hatua moja, si aibu. Mkono huo utarudiwa na fundi wa kukodi wiki ya pili, na yeye kuanzia hapo ahamie stoo, atoe vifaa na kupokea vifaa, asichomelee tena kazi kubwa.

Nilifikiri atakasirika. Laiti angekasirika. Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu aliamini. Siku ya pili alinijia tukiwa wawili tu.

"Mama Sufuria, ulikuwa hapa. Nilipasha? Unakumbuka?"

"Ulipasha, fundi. Niliiona chaki ikiyeyuka, pande zote mbili."

"Kweli? Ama unanihurumia?"

Nikamwapia. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu tu, hakuniamini. Akaanza kuandika mkononi kwa kalamu, nyuma ya kiganja: amefunga gesi, saa fulani; amezima kompresa, saa fulani; amekula dawa ya presha. Akitoka mlangoni alirudi kuangalia gesi, akitoka tena alirudi tena. Siku nyingine nilimkuta amesimama mbele ya kabati lake, amesahau, au anadhani amesahau, alichofuata. Nimeishi na wazee miaka kumi na moja. Najua mtu anayesahau na najua mtu anayeogopa kuwa amesahau, na huyu alikuwa wa pili, lakini hofu hiyo ikikaa sana inamla mtu kweli.

Mimi kilichonisumbua kilikuwa swali. Alipasha, nimeona. Nilisaga, nimeona. Basi chuma kilikasirikia nini? Nilizunguka nalo siku mbili. Ya tatu nilifika asubuhi nikachukua kipande cha chuma nilichokuwa nimekisaga jana yake kwa mazoezi na kukiacha kwenye meza. Kilikuwa na kutu. Rangi ya machungwa, nyepesi, kama unga wa pilipili, kwa usiku mmoja tu na wala hakukunyesha. Nikasimama nacho mkononi. Usiku mmoja. Na ule mfereji ulilala siku mbili na nusu za mvua, ukaamka unang'aa.

Nikatia mkono mfukoni nikakishika kile kichupa. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kwake palepale. Sikwenda. Majaribio yangu yalikuwa yamebakisha mwezi mmoja, mgongo wangu haurudi tena kunyanyua watu, na nilijua mwanafunzi aliyeharibu mkono wa mashine nzima haongezewi siku. Nilijiambia kwanza nipime, sina hakika, mafuta kidogo vile yanaweza kufanya nini. Kusema kweli nilitaka mafuta yashinde kesi. Nilitaka yawe hayana hatia.

Ijumaa hiyo nilisaga vipande viwili vya bamba nene, nikavichimbia mifereji, nikavisaga vyeupe. Kimoja nikakifuta mafuta ya nazi, kingine nikakiacha. Nikavificha nyuma ya mitungi. Jumamosi na Jumapili sikulala vizuri. Jumatatu nilifika saa kumi na mbili asubuhi. Kilichoachwa kilikuwa na kutu, nikakipitisha grenda kama desturi. Cha mafuta kilikuwa kinang'aa, kizuri mno. Nikavipasha vyote viwili, chaki ikayeyuka kwenye vyote viwili, na kile cha mafuta kikaanza kunukia. Hapakuwa na wali ndani ya jengo zima. Niliijua harufu hiyo tangu sijaota meno.

Nikavichomelea. Mshono wangu wakati ule ulikuwa mbovu, lakini ulikuwa mbovu kwa vyote sawasawa, kwa hiyo hakuna kilichoonewa. Vilipopoa nikavibana kwenye jiliwa, kimoja kimoja, nikavipiga kwa nyundo kubwa. Kile kikavu kilipinda, kikapinda, kikakataa kuvunjika mpaka mkono ukachoka. Cha mafuta kilivunjika pigo la tatu. Nikakiinua kwenye mwanga. Ndani ya mshono mlikuwa na vitundu, vingi, vidogo na vikubwa, kama mkate wa kumimina ukiukata: mafuta yaligeuka gesi, gesi ikanaswa humo.

Ya bosi ni mafupi, niyamalize. Alisikiliza, akavitazama vile vipande, akamwita mkaguzi kwa simu. Mshono wa zamani ukapasuliwa, ukakutwa na vitundu vile vile. Fundi aliurudia mkono ule yeye mwenyewe, akapiga saba yake, na mpaka leo unachimba mahali fulani. Mimi nikaongezewa miezi mitatu ya majaribio na nikakatazwa kugusa mfereji bila mtu kusimama nami. Nilistahili. Namba yangu niliipata mwaka uliofuata.

Lakini kabla ya bosi nilikwenda kwa fundi. Alikuwa chumba cha chai, peke yake, anakoroga kikombe. Niliviweka vipande mezani mbele yake, na kichupa katikati. Nikamwambia yote kwa mpangilio: mama yangu, mbuzi ya nazi, mvua ya Ijumaa, kitambaa. Nikamwambia ule haukuwa wali.

Alikichukua kile kilichovunjika. Akakigeuza, akakinusa. Akafungua kichupa, akakinusa nacho. Nilingoja anitukane, kwa Kiswahili chake au chochote.

"Nami niliona inangaa," alisema baadaye. "Siku mbili za mvua, na inangaa. Sikujiuliza." Akakirudisha kichupa mezani. "Kwa hiyo nilipasha."

"Ulipasha, fundi."

"Aksanti, mama. Nilikuwa nazani ni kichwa yangu."

Aliinuka akaenda kwenye sinki. Akafungua maji ya moto, akachukua sabuni ile ya mchanga tunayotolea grisi, akasugua nyuma ya kiganja chake taratibu, kidole kwa kidole, mpaka yale maandishi ya kalamu yakatoka yote. Akajifuta kwa taulo. Kisha akaniuliza kama niko tayari, tukaenda kwa bosi pamoja.